Nyungu ya mkaratusi na kifua: kinachotibu ni jani, ni mvuke, au ni siku zenyewe?

#1 Mwana wa Njombe

Wakuu, salamu. Naishi Njombe, mahali ambapo mwezi wa saba mtu huamka akakuta sakitu imeweupisha nyasi, na karibu kila nyumba ina mgonjwa wa kifua. Mwaka huu kwangu walishikwa watatu: mwanangu wa miaka saba, mke wangu, na mama yangu mwenye miaka 63. Mama aliagiza majani ya mkaratusi, akayachemsha pamoja na mchaichai na maganda ya malimao, na wote watatu wakajifukiza kwa mvuke wake, yaani wakapiga nyungu, asubuhi na jioni kwa siku sita. Mtoto na mke wangu wamepona kabisa. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa mganga wao, bado anakohoa, na sasa ni wiki ya tano.

Nilimpeleka kituo cha afya, nikaambiwa njia zake za hewa zimevimba, kwamba ni mkamba sugu. Mtoa huduma akatukemea kwa habari za nyungu bila kutueleza kosa liko wapi. Nimerudi na vidonge na swali ambalo halijajibiwa: katika nyungu kinachotibu hasa ni nini? Na kama kinatibu, kwa nini kiliwatibu wawili kikamwacha wa tatu? Naomba majibu kutoka kwa watu waliouguza au kuugua, si ya vitisho.

#2 Bibi Mchaichai

Mwanangu, pole kwa mama. Mimi nimefukiza watoto na wajukuu kwa miaka arobaini, na nakuambia kwamba wengi hawajui kupika nyungu. Mkaratusi unaofaa ni wenye majani machanga, mapana, ya rangi ya kijivu kana kwamba yamepakwa unga, ambayo ukiyafikicha kiganjani harufu yake hupanda mpaka machoni. Yale majani marefu membamba ya miti ya kando ya barabara hunuka kidogo tu, na mengine hunuka kama ndimu. Majani huoshwa, hutiwa katika sufuria yenye maji yanayochemka, hufunikwa kwa dakika tano tu, kisha sufuria huteremshwa. Anayeyachemsha nusu saa anafukiza ukuta, kwa maana dawa yote imekwisha kwenda na mvuke wa kwanza. Mgonjwa akishindwa kuvuta pumzi kumi mfululizo, ajue maji bado ni ya moto mno.

Je, mama alifanya hivyo, au aliyaacha yakachemka tu?

#3 Nesi wa Zamu

Naomba kwanza tutenganishe majina, kwa sababu uzi kama huu huharibika pale kila mtu anapoita ugonjwa wake «kifua». Mafua yakishuka kifuani huleta kikohozi ambacho kwa kawaida huisha chenyewe. Mkamba ni uvimbe wa mirija mikubwa ya hewa. Kichomi, au homa ya mapafu, ni uvimbe wa mapafu yenyewe, na jina lake linatokana na ule mchomo wa ubavuni anaousikia mgonjwa akivuta pumzi. Pumu ni kubanwa kwa mirija ambako huja na kuondoka, na kifua hulia miluzi. Mambo haya manne hayana dawa moja, iwe ya duka au ya shamba.

Ndugu mleta uzi, jambo moja halijanikalia sawa. Mkamba huitwa sugu pale mtu anapokohoa makohozi kwa miezi mitatu katika mwaka, na hali hiyo ikajirudia miaka miwili mfululizo. Wiki tano peke yake hazitoshi. Ama hukutueleza historia yote, ama jina lilitolewa haraka. Je, alipimwa makohozi? Kikohozi kikifika wiki mbili, kifua kikuu ndicho kinachotafutwa kwanza, na kipimo pamoja na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Kwa wenye watoto wachanga wanaosoma hapa: usisubiri nyungu yoyote. Mhesabu mtoto pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Aliye chini ya miezi miwili akifika 60, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifika 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, au ukiona nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, safari ni ya hospitali.

#4 Mtaka Ushahidi

Jibu la swali lako, mleta uzi, umelileta mwenyewe. Watu watatu wamekunywa mvuke wa sufuria moja, kwa siku zilezile. Wawili walikuwa na kikohozi cha mafua, ambacho huisha ndani ya wiki mbili au tatu hata mgonjwa akifukizwa kwa maji matupu. Wa tatu alikuwa na ugonjwa wa kweli wa mirija, na mvuke haukumfanya lolote. Kilichotibu ni siku. Jani lilikuwepo tu likishuhudia.

#5 Mzee wa Pangani

Assalamu alaikum. Nimesoma nikacheka kidogo. Mnaubishania mkaratusi kana kwamba ni urithi wa babu zetu, ilhali mti huo asili yake ni Australia, na huku kwetu uliletwa wakati wa ukoloni. Babu wa babu yangu hakuujua. Sisi wa pwani tulijifukiza kwa kivumbasi, tukalamba habasoda iliyosagwa na asali, na mgonjwa aliyebanwa usiku alikandwa kifua kwa mafuta ya karafuu yaliyochanganywa na mafuta ya nazi.

Pia hamjagusa sababu. Wazee wetu walisema kifua huvimba kwa balghamu, na balghamu ni baridi na ubichi. Kwa hiyo dawa yake lazima iwe ya moto na kavu: tangawizi, karafuu, pilipili manga, habasoda. Mama wa Njombe anakaa kwenye baridi, anakunywa mvuke, nao mvuke ni maji. Mnamwongezea ubichi mtu aliyejaa ubichi, halafu mnashangaa kwamba hakupona.

#6 Msafiri wa Maskati

Mzee wa Pangani amenikumbusha nyumbani. Huku Omani, jirani zangu wenyeji na sisi tuliotoka Unguja tunatumia ubani wa Dhofari, ule mweupe wenye ukijani. Punje nne au tano hulowekwa usiku kucha katika kikombe cha maji, na asubuhi maji huwa meupe kama tui jepesi. Mgonjwa huyanywa kabla ya kula. Nilikuwa na kikohozi kikavu cha mwezi mzima baada ya kuhamia kwenye nyumba yenye kiyoyozi, na wiki moja ya maji ya ubani ilikimaliza. Nimesoma kwamba ubani una asidi maalumu zinazozuia uvimbe, kwa hiyo hili si suala la imani peke yake.

#7 Mfamasia Mstaafu

Nashukuru kwa mjadala wenye adabu. Nina masahihisho mawili na nyongeza moja.

Ndugu wa Maskati, ni kweli kwamba ubani una asidi ambazo zimechunguzwa kwa habari ya uvimbe. Lakini ubani ni vitu viwili vilivyoshikana: gundi inayoyeyuka katika maji, na utomvu usioyeyuka. Ule weupe uliounywa asubuhi kwa sehemu kubwa ni gundi, na asidi unazozisema nyingi zilibaki katika punje ulizozitupa. Huenda gundi ilikulainisha koo, nalo si jambo dogo kwa kikohozi kikavu, ila usiusifu utomvu kwa kazi ya gundi.

Mtaka Ushahidi, wewe nawe umekimbia mno. Mafuta ya mkaratusi yana kitu kiitwacho sineoli, na Ujerumani hutengenezwa vidonge vya sineoli kwa ajili ya mkamba. Kwa hiyo jani si shahidi tu. Tatizo ni njia: kidonge humezwa kikiwa na kipimo kinachojulikana, lakini mvuke wa sufuria kipimo chake hakijulikani, na matone yake mengi huishia puani na kooni bila kufika kwenye mirija midogo. Harufu yenyewe hugusa mishipa ya fahamu inayohisi ubaridi, hivyo mgonjwa huona pua imefunguka hata pale upana wa njia haujabadilika.

Nyongeza ni hii: anayedharau mimea kwa magonjwa ya pumzi hajui historia ya duka la dawa. Theofilini, ambayo ilitumika sana kwa pumu, ilipatikana kwanza katika majani ya chai mwaka 1888. Efedrini ilitoka katika mmea ambao Wachina waliutumia kwa karne nyingi. Bromheksini iliyomo katika dawa nyingi za maji za kulegeza makohozi ilibuniwa kwa kufuata kiini cha mmea wa Kihindi. Hata mnanaha, ambao wazee walivuta moshi wake kama sigara pale pumu ilipobana, una atropini, na dawa moja ya kuvuta ya siku hizi ni ndugu wa atropini. Ila mnanaha huohuo humtia mtu wazimu na kumuua, kwa sababu mbegu za tunda moja hazilingani nguvu na za tunda la pili. Tafadhali mtu asiujaribu.

#8 Bibi Mchaichai

Mfamasia, mwanangu, umesema mengi na yote ni mazuri, lakini nikikuuliza nimpe nini mjukuu anayekohoa usiku wa leo, sioni umenijibu.

#9 Mfamasia Mstaafu

Kijiko cha asali kabla ya kulala, Bibi, iwapo ametimiza mwaka mmoja. Nimejibu kwa mstari mmoja ili nisikuchoshe tena.

#10 Fundi wa Mbao

Mimi sina elimu ya majani, nina kisa. Mwaka 2020, pale nchi nzima ilipokuwa ikijifukiza kwa hofu ya korona, kwetu tulifanya nyungu kila jioni. Sufuria iliwekwa juu ya kigoda, mpwa wangu wa miaka sita akakaa mbele yake, tukamfunika kwa blanketi. Aliposikia joto alirusha miguu, kama mtoto yeyote angefanya. Maji yalimmwagikia mapajani na tumboni. Alilazwa wiki tatu, na mpaka leo hapendi kuvaa sketi fupi. Kikohozi chenyewe kilikuwa kimeanza juzi yake.

Sikatai nyungu kwa mtu mzima. Kwa mtoto, mtu akiniuliza, nitamwonyesha yule binti.

#11 Bibi Mchaichai

Pole sana, baba. Mtoto hafunikwi na sufuria. Kwetu mtoto hupakatwa na mtu mzima, na sufuria huachwa chini mlangoni ili chumba kipate mvuke, basi. Haya ya blanketi na mtoto mdogo yaliingia mwaka huohuo wa korona, kila mtu alipojifanya mganga.

#12 Binti wa Limuru

Hamjambo nyote. Nashangaa kwamba tumefika hapa bila mtu kuutaja muthiga. Huku kwetu Kiambu na kwingineko Mlima Kenya, mtu akikohoa hutafuna kipande cha gome la muthiga, ambacho huwasha ulimi kama pilipili, na humeza maji yake polepole. Wamasai huuita osokonoi na huutia katika supu. Nyanya yangu alikuwa na kipande kikavu kwenye mfuko wa sweta kila siku, na kila alipoanza kukohoa kanisani tulisikia meno yakifanya kazi.

Namwunga mkono Mzee wa Pangani kwa jambo moja: dawa karibu zote zilizotajwa hapa zinawasha. Tangawizi, karafuu, pilipili, muthiga. Mimi nadhani kinachotibu ni huko kuwasha kwenyewe, kwa sababu kunaleta mate na kamasi nyepesi, na makohozi yaliyoganda yanalegea. Hapo hakuna haja ya baridi na ubichi wa wazee, wala ya sineoli ya Mfamasia.

#13 Mkaguzi wa Misitu

Naomba nirekebishe kidogo pande zote. Mikaratusi ni jamii ya mamia ya aina, na Bibi Mchaichai amesema kweli bila kutumia kitabu: majani machanga ya kijivu ni ya ile aina yenye sineoli nyingi. Ule unaonuka kama ndimu una mafuta ya namna nyingine kabisa, yanayofaa zaidi kufukuza mbu. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kusema «nilijifukiza kwa mkaratusi», na kila mmoja akawa amevuta kitu tofauti. Mti wenyewe ni mgeni kama alivyosema Mzee. Huko Kenya ulipandwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili upatikane upesi kama kuni za treni za reli ya Uganda. Hata hivyo, Mzee, karafuu nayo ni ya visiwa vya Maluku. Tukianza kuuliza uraia wa dawa, Pangani itabaki na kivumbasi peke yake.

Binti wa Limuru, muthiga nauogopea. Nimeuona mti ukiwa umebanduliwa gome mzunguko mzima kutoka chini hadi urefu wa mtu, na mti wa namna hiyo hufa umesimama. Majani yake nayo yana ukali uleule, kwa hiyo wanaouhitaji wangeanza huko.

#14 Mzee wa Pangani

Nimekubali la karafuu. La balghamu sijakubali.

#15 Mjukuu wa Songea

Naona tunazunguka majani huku tukikiacha kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Mimi nilikohoa mfululizo nikiwa na miaka minne. Walijaribu majani ya mpera, wakajaribu mafuta ya taa na sukari (namshukuru Mungu kwamba nilitapika), mwisho wakasema kimeo kimerefuka, kinagusa koo, ndiyo maana kifua hakitulii. Nilishikwa na wanaume wawili, mzee mmoja akaingiza kitu kama mundu mdogo, akakata. Nakumbuka ladha ya damu na majivu aliyoyapaka. Kikohozi kiliisha baada ya wiki mbili au tatu, na mama mpaka leo anaapa kwamba kimeo ndicho kilichokuwa chanzo. Sasa nawauliza wataalamu: je, ni uongo mtupu?

#16 Nesi wa Zamu

Ndugu yangu, kimeo huonekana kimevimba na kirefu kwa sababu mtoto anakohoa na koo lake limevimba, na kikohozi kikiisha hurudi kilivyokuwa. Waliona matokeo wakayaita chanzo. Nimepokea mtoto aliyekatwa asubuhi akaletwa jioni akiwa amevuja damu hadi viganja vimekuwa vyeupe, na wengine hupata pepopunda kwa kisu kichafu. Na hayo mafuta ya taa yanastahili uzi wake: mtoto akiyameza na kuyatapika, huweza kuingia mapafuni na kuyavimbisha, yaani unamtibu kikohozi kwa kumpa kichomi. Usimshukie mama, alifanya alichofundishwa.

#17 Mtaka Ushahidi

Wiki mbili au tatu. Naomba msomaji aangalie tena muda huo na aulinganishe na bandiko langu namba 4.

#18 Mcheshi wa Uzi

Mtaka Ushahidi, wewe kila ugonjwa kwako unatibiwa na kalenda. Mwaka 2011 ningekuona Samunge, umesimama kwenye foleni ya Babu wa Loliondo na kikombe chako mkononi, unasema umekuja kufanya utafiti.

#19 Mtaka Ushahidi

Sikwenda. Shangazi yangu alikwenda, na kwa kuwa alikuwa na pumu aliiacha nyumbani dawa yake ya kuvuta akiamini kwamba mugariga, ule mti wa kikombe cha Babu, umetosha. Tulimzika mwaka huohuo. Ndiyo maana huwa sicheki sana katika mada hizi, mkuu, ila sikulaumu, hukujua.

#20 Mcheshi wa Uzi

Nimekosa, ndugu. Poleni.

#21 Mwana wa Njombe

Nawashukuru wote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikwenda kukaa na mama siku nne, na kwa mara ya kwanza nikamtazama anavyofanya badala ya kusikia anavyosimulia.

Bibi Mchaichai, majani ni yale uliyoyasema, ya kijivu. Lakini hakuiteremsha sufuria. Anajifukiza jikoni, sufuria ikiwa juu ya mafiga, kuni zikiwaka chini yake, mlango umefungwa ili baridi isiingie, na jiko lenyewe halina dirisha. Anakaa hapo robo saa asubuhi na robo saa jioni. Niliingia nikashindwa kufumbua macho. Mtoto na mke wangu, kumbe, walikuwa wakifukizwa sebuleni, sufuria ikiwa imeletwa ndani kwao.

Nesi, ulikuwa sahihi kwamba sikueleza yote. Nilipomuuliza vizuri alisema hukohoa makohozi kila msimu wa baridi, tangu mdogo wangu wa mwisho yuko shule ya msingi. Huyo sasa ana miaka 29.

#22 Nesi wa Zamu

Basi jina la mkamba sugu limepata haki yake, ingawa kipimo cha makohozi bado nakitaka. Moshi wa kuni kwa miaka mingi huharibu mirija kwa namna inayofanana na ya mvuta sigara. Hapo mama alikuwa akitafuta dawa ndani ya chanzo, mara mbili kwa siku.

#23 Mzee wa Pangani

Hapa siwezi kunyamaza. Mama zetu wote walipika kwa kuni. Mama yangu alifariki akiwa na miaka 91 na hakuwahi kukohoa zaidi ya wiki. Kama ni moshi, ungetumaliza sote.

#24 Mfamasia Mstaafu

Mzee, kwa heshima, jiko la Pangani ni la makuti, tena mara nyingi liko uani, na upepo wa bahari unapita ndani yake. Jiko la Njombe limezibwa kwa udongo ili joto lisitoke. Kuni ni zilezile, lakini pafu halipokei kiasi kilekile.

Naongeza kwamba wanaofukiza kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa wanajitafutia hatari ya pili, kwa maana mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta hupata usingizi huku akidhani nyungu imemtuliza.

#25 Mzee wa Pangani

La jiko la makuti sikulifikiria. Hata hivyo, baridi ya Njombe nayo ipo, na hakuna aliyeieleza. Kwa nini hukohoa msimu wa baridi tu, ilhali moshi upo mwaka mzima?

#26 Mtaka Ushahidi

Kwa sababu msimu huo watu hujifungia ndani pamoja, na virusi vya mafua hupita kwa urahisi.

#27 Binti wa Limuru

Au kwa sababu msimu huo ndipo mlango wa jiko hufungwa.

#28 Mfuga Nyuki wa Sikonge

Asali imetajwa kwa mstari mmoja tu, nami ndiyo ninayoila na kuiuza, kwa hiyo nivumilieni. Watu hunipigia simu wakitaka asali ya nyuki wadogo kwa ajili ya kifua. Asali hiyo ni nyepesi, ina uchachu, na mzinga mmoja hutoa kidogo sana, ndiyo maana bei yake ni mara kadhaa ya asali ya kawaida. Je, inatibu kuliko nyingine? Mimi muuzaji nawaambia kwamba sijaona tofauti kwa wanangu wenyewe. Nilichoona ni tofauti kati ya asali na sukari iliyochemshwa, na hiyo ya pili ndiyo iliyojaa kando ya barabara. Mtu akisema asali haikumsaidia, kwanza aulizwe alikunywa nini.

#29 Nesi wa Zamu

Narudia alilolidokeza Mfamasia katika bandiko namba 9, kwa sababu bado naletewa watoto: aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulambishwa, iwe ya nyuki wadogo au wakubwa. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvizuia, navyo humlegeza viungo mpaka ashindwe kupumua.

#30 Kijana wa Mwanza

Nina swali la pembeni kidogo. Baba ana pumu. Alinunua unga wa kijani kwa mtu anayeuzia stendi, kijiko kimoja asubuhi, na ndani ya siku mbili miluzi ilikoma. Sasa ni mwezi wa tatu, uso umemjaa, anakula kupita kawaida, na akiacha unga siku mbili anabanwa vibaya. Muuzaji anasema huo ni mwili unajisafisha.

#31 Mfamasia Mstaafu

Kijana, siwezi kujua kilichomo bila maabara, lakini dalili ulizozieleza nimeziona mara nyingi. Kuna wauzaji wanaosaga vidonge vya steroidi na kuvichanganya na majani. Hivyo hupunguza uvimbe wa mirija haraka kweli, na hujaza uso, huongeza njaa, hupandisha sukari. Asiache kwa ghafla, kwa sababu mwili uliozoea steroidi huacha kutengeneza ya kwake. Mpeleke kwa daktari kesho na ule unga wenyewe, mkiwa mmeufunga katika karatasi.

#32 Bibi Mchaichai

Hao ndio wanaotuharibia jina.

#33 Mwana wa Njombe

Narudi na taarifa. Makohozi yamepimwa mara mbili, kifua kikuu hakikuonekana. Amepigwa picha ya kifua, na amepulizishwa kifaa cha kupimia pumzi, akaambiwa mirija imebana kwa sehemu na haitarudi yote kama zamani. Amepewa dawa ya kuvuta. Mimi na shemeji tumetoboa ukuta wa jiko sehemu mbili, upande wa juu, tukaweka tundu la moshi, na alitununia siku nzima kwamba tunamwingizia baridi.

Nyungu hajaiacha. Anaifanyia barazani, sufuria ikiwa chini, na anasema kwamba makohozi hutoka kwa urahisi zaidi siku anazojifukiza kuliko siku anazotumia dawa ya kuvuta peke yake. Nimemwuliza kama ni jani au ni mvuke. Akaniambia nilete siku moja maji matupu nimfunike, bila kumwambia, nione kama hatajua.

#34 Mtaka Ushahidi

Hilo ndilo jaribio nililolitaka tangu mwanzo. Lifanye, utuletee jibu.

#35 Bibi Mchaichai

Atajua. Pua anayo.

#36 Mzee wa Pangani

Ukimfunika kwa maji matupu, mtilie basi japo karafuu mbili.

#37 Mtaka Ushahidi

Mzee, ukitia karafuu hayatakuwa maji matupu.